Ctrl ya kushoto imekufa, nataka Caps Lock ishike kazi yake. Wajuzi pitieni hapa

#1 Mzee wa Stesheni
Wakuu salaam.

Nina stesheni ndogo huku Mbagala, duka la kuchapa na kutoa nakala. Mashine ninayoitegemea ni laptopu ya mtumba, na kitufe chake cha Ctrl cha kushoto kimegoma kabisa. Vingine vyote vizima. Fundi kaniambia kibodi ya laptopu haitengenezwi kitufe kimoja kimoja, inang'olewa yote na kuwekwa nyingine. Bei aliyoitaja nikalipie kodi ya fremu ni afadhali.

Kazi yangu ni nakili, bandika, hifadhi, chapisha, kutwa nzima. Ctrl ya kulia ipo, ila kila nikitaka kunakili lazima niachie mausi, na mteja kasimama anaangalia saa.

Huku Caps Lock, kitufe kipana kuliko karibu wenzake wote, kimekaa sehemu nzuri hakina kazi. Kwa hiyo nina mambo mawili. La kwanza naomba msaada: inawezekana Caps Lock ikawa Ctrl? La pili karibuni tubishane: aliyeiweka Caps Lock pale alikuwa anamfikiria nani?

Naomba kuwasilisha.

#2 chuma_cha_pua
Siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Fundi Chapuo
Mkuu hili jepesi. Pakua PowerToys, ni programu ya Microsoft wenyewe na ni ya bure. Fungua Keyboard Manager, kisha Remap a key. Kushoto unaweka Caps Lock, kulia unaweka Ctrl. Bonyeza OK, umemaliza. Huhitaji hata kuzima mashine.

#4 Nyundo Baridi
> Fundi Chapuo amesema: Bonyeza OK, umemaliza.

Hajamaliza. PowerToys inafanya kazi ikiwa imewashwa tu. Ukifika kwenye skrini ya kuingiza nywila bado Caps Lock ni Caps Lock. Ukifungua programu kama admini huku PowerToys haijafunguliwa kama admini, ndani ya dirisha lile mabadiliko yako hayaonekani. Na mashine ya mtumba huenda bado ina Windows 7, humo PowerToys haiingii kabisa.

Njia ya uhakika ni rejistri, ghala la mipangilio ya Windows. Fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Keyboard Layouts. Hapo tengeneza thamani ya aina ya Binary, iite Scancode Map, uweke hivi:

00 00 00 00 00 00 00 00 02 00 00 00 3A 00 1D 00 00 00 00 00

Zima, washa, tayari. Inashika kuanzia kwenye skrini ya nywila, kwa kila anayetumia mashine hiyo.

#5 Maktaba Inayotembea
Mzee wa Stesheni usiguse kwanza! Nyundo Baridi kakosea mahali pawili.

Moja, folda ni Keyboard Layout, haina s mwishoni. Keyboard Layouts ipo jirani yake na ina orodha ndefu ya lugha. Ukiandika humo utasubiri mpaka masika na hakuna kitakachobadilika.

Mbili, namba umezigeuza. Kinachotakiwa kutokea ndicho kinachotangulia, kitufe unachobonyeza kinafuata. 1D ni Ctrl ya kushoto, 3A ni Caps Lock. Kwa hiyo pale katikati iwe 1D 00 3A 00. Ulivyoandika wewe, Ctrl ya kushoto ndiyo itakuwa Caps Lock, na kwa mleta uzi Ctrl yenyewe ni marehemu.

Hiyo 02 maana yake kuna mistari miwili: badiliko moja na mstari wa sifuri wa kufungia. Ukitaka kubadilishana, Caps iwe Ctrl na Ctrl iwe Caps, unaandika 03 na kuongeza 3A 00 1D 00 kabla ya zile sifuri za mwisho.

#6 Nyundo Baridi
Nimeandika kwa simu mkuu, vidole vinene.

#7 Pwaguzi
Vidole vinene vinaongeza s? 😂

#8 Dada Mhasibu
Kwa mnaoogopa rejistri kama mimi, kuna SharpKeys. Inakuandikia hiyo hiyo Scancode Map, wewe unachagua kwenye orodha tu. Ukishazima na kuwasha unaweza hata kuiondoa SharpKeys, mabadiliko yanabaki, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika na kwenda zake.

#9 Katibu Muhtasi
Kwenye lile la pili mimi sikubali. Caps Lock haina kazi kwa nani? Mimi nimesomea uhazili Tabora enzi za taipureta. Pale kushoto kwa A palikuwa na Shift Lock. Shift ya taipureta haikuwa kitufe cha kugusa tu, ilikuwa inanyanyua chuma. Ukitaka kuandika kichwa cha barua kizima kwa herufi kubwa huku umeshikilia Shift kwa kidole kidogo, jioni kidole hakikunji. Ndiyo maana kukawa na kifungio. Kompyuta zilipokuja, sisi makatibu muhtasi ndio tuliokabidhiwa, na kitufe chetu kikatufuata.

Kila barua ya serikali ina YAH: na kichwa cha herufi kubwa. Mleta uzi ana stesheni na anasema Caps Lock haina kazi? Barua za maombi ya kazi unawaandikiaje watu?

#10 Mzee wa Stesheni
Hapo mama umenishika. YAH: ni kila siku ya Mungu.

#11 Maktaba Inayotembea
> Katibu Muhtasi amesema: kitufe chetu kikatufuata.

Ni kweli nusu, dada. IBM PC ya kwanza, 1981, kibodi yake ya vitufe 83 ilikuwa na Ctrl kushoto kwa A. Caps Lock ilikuwa chini kulia kwa kitufe cha nafasi. Ni kibodi iliyofuata baadaye miaka hiyohiyo ya 80, ile ya vitufe 101, iliyohamisha Ctrl kuipeleka kona ya chini na kuileta Caps Lock pale. Kwa hiyo haikutoka kwenye taipureta moja kwa moja. Ilipotea njiani, ikarudi.

#12 Katibu Muhtasi
Ikarudi kwa sababu gani, kama si sisi wa taipureta kulalamika?

#13 Nyundo Baridi
Sababu ni mashine za zamani zilizokuwa hazina herufi ndogo. Teletype Model 33 ilikuwa inaandika herufi kubwa tupu. Mfumo wa Unix hadi miaka mingi baadaye ukiingiza jina lako kwa herufi kubwa ilikuwa inadhani umekaa kwenye mtambo wa aina hiyo, inaanza kukujibu kwa herufi kubwa. Lugha za programu, COBOL, FORTRAN, kote herufi kubwa. Caps Lock ililetwa kwa ajili ya waandika programu, makatibu muhtasi walikuta tu.

#14 Maktaba Inayotembea
Hoja yako inajikata miguu. Hiyo hiyo Model 33 kushoto kwa A ilikuwa na CTRL. Mashine isiyo na herufi ndogo itaweka Caps Lock ya nini?

#15 Pwaguzi
Mnahangaika. Bill Gates ndiye aliyepanga, kama alivyopanga Ctrl+Alt+Del.

#16 Maktaba Inayotembea
Acha kupotosha. Ctrl+Alt+Del ni ya David Bradley, mhandisi wa IBM aliyekuwa kwenye timu ya ile PC ya 1981. Ilikuwa njia ya wahandisi kuwasha mashine upya bila kuzima umeme, na vitufe vikachaguliwa kwa makusudi viwe mbali ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Kwenye sherehe ya miaka 20 ya PC, 2001, Bradley alimtania Gates jukwaani kwamba yeye alibuni ila Gates ndiye aliyezipa umaarufu. Gates mwenyewe 2013 alisema angependa kiwe kitufe kimoja, IBM ndio hawakutaka.

Na hiyo ndiyo mojawapo ya michanganyiko ambayo PowerToys haiwezi kuibadilisha. Nyingine ni Win+L. Ctrl+Alt+Del Windows imeishika yenyewe ili programu ya tapeli isije ikakuwekea skrini bandia ya nywila.

#17 Kijana wa Luthuli
Sasa wadau. Mko na stori nyingi na mzee ako na wateja. Mzee, swali moja: hio Ctrl imekufa ama imekwama? Hizo ni vitu mbili tofauti. Ikikufa haifanyi kitu. Ikikwama inajibonyeza yenyewe, unaandika S inahifadhi, unaandika P inataka kuprinti, ukisukuma gurudumu la mausi ukurasa unakuwa mkubwa. Hio ya kukwama hata ukifanya Caps iwe Ctrl, shida inabaki.

Dawa yake ni kuizima kabisa kwa hio Scancode Map. Kama Maktaba alivyosema, matokeo huanza, so unaandika 00 00 1D 00. Yaani Ctrl ya kushoto iwe hakuna. Huku Luthuli Avenue, Nairobi, tunaona hio sana, mtu amemwagia chai akangoja ikauke.

#18 Mzee wa Stesheni
Imekufa kijana wangu, haijibonyezi. Chai kweli ilihusika lakini tuyaache hayo.

#19 Mpita Njia
Kabla ya yote hayo, kuna anayejua kwamba unaweza kunakili bila kugusa Ctrl ya kushoto? Kukata ni Shift+Delete, kubandika ni Shift+Insert, kunakili ni Ctrl+Insert, na hapo Ctrl ya kulia iko jirani kabisa. Huo ni mpangilio wa IBM wa miaka ya 80, kabla Windows haijakubali hizi X, C na V, na mpaka leo Windows inauelewa.

#20 Dada Mhasibu
Nimejaribu Shift+Insert sasa hivi kwenye Excel. Jamani! Miaka yote hii.

#21 chuma_cha_pua
Angalizo kwa Shift+Delete: ukiwa kwenye maandishi inakata, ukiwa umechagua faili kwenye folda inafuta moja kwa moja bila kupitia Recycle Bin. Msije mkamlaumu Mpita Njia.

#22 Tufaha Jekundu
Nawasoma nacheka. Kwenye Mac hakuna haya yote. System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Modifier Keys. Unachagua Caps Lock iwe Control, Option, Command, Escape au isiwe kitu. Tena unaweza kuweka tofauti kwa kila kibodi: ya ndani hivi, ya nje vile. Ukichomeka kibodi ya Windows kwenye Mac unabadilishana Option na Command hapo hapo, vidole visipotee.

Na kuhusu ubishi wenu: pa kuweka kitufe cha amri si kushoto kwa A wala kwenye kona. Ni pembeni ya kitufe cha nafasi, kidole gumba ndicho chenye nguvu. Apple wameweka pale Command tangu Macintosh ya 1984. Z, X, C na V kupangwa mstari mmoja chini ya mkono wa kushoto kumeanzia huko kwenye Lisa, kompyuta ya Apple iliyotangulia Macintosh, ikiwa imepokea kazi ya Larry Tesler, yule wa kukata na kubandika wa Xerox.

#23 Pwaguzi
Hakuna uzi wa Windows ambao mwenye Mac hatajitokeza kusema ana Mac.

#24 Tufaha Jekundu
Nimesaidia hujasaidia.

#25 kidole_kidogo
Mkuu Tufaha hoja ya gumba naiunga mkono. Mimi naandika programu na natumia Emacs, programu ya kuandikia maandishi, na kidole kidogo cha kushoto kiliwahi kuniuma hadi nikawa nabeba kikombe kwa mkono wa kulia. Watu wa Emacs wana jina kabisa la ugonjwa huo. Nilianza na Caps iwe Ctrl kama mleta uzi anavyotaka, na bado ni kidole kilekile kinachofanya kazi, kimepunguziwa safari tu. Nafuu ya kweli niliipata nilipobadilishana Alt ya kushoto na Ctrl ya kushoto, sasa gumba ndilo linalobonyeza Ctrl. Kasoro ni Alt+Tab, sasa naibonyeza kwa Ctrl ya kona.

Natumia Linux. Zamani mstari mmoja ulitosha: setxkbmap -option ctrl:nocaps. Siku hizi ukiwa kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha unaochukua nafasi ya X11, mstari huo unakubaliwa halafu haufanyi kitu, na xmodmap, zana nyingine ya zamani, ndiyo kabisa. Kwenye GNOME unapitia Tweaks, au tumia keyd, ambayo inafanya kazi chini kabisa na haijali uko Wayland au X11. Uzuri wa keyd: Caps ukiigusa na kuachia inakuwa Esc, ukiishikilia inakuwa Ctrl.

#26 Nyundo Baridi
Hiyo ya gusa iwe Esc, shikilia iwe Ctrl, kwa watu wa vi, programu nyingine ya kuandikia, ni pepo ya duniani. Bill Joy aliiandika vi kwenye mtambo wa ADM-3A. Kushoto kwa A kulikuwa na Ctrl, Esc ilikuwa ilipo Tab ya leo, na mishale ilichorwa juu ya H, J, K, L. Ndiyo maana vi inatumia herufi hizo kutembea. Leo Esc imepelekwa kule kwenye kona ya juu, watu wanalaumu vi wakati iliyohama ni kibodi.

Kwa hiyo ninyi mnaosema Caps Lock ilikuwa pale tangu enzi za mababu, haikuwepo.

#27 Katibu Muhtasi
Kwenye taipureta ilikuwepo. Mababu zako na wangu hawakuwa kazi moja.

#28 Mwalimu wa Kirundo
Ndugu zangu, habari za Dar. Niko Burundi, huku laptopu nyingi ni AZERTY ya Kifaransa. Namba za juu hazitoki bila Shift. Ukibonyeza 1 unapata &, ukibonyeza 2 unapata é. Na kwenye Windows, mpangilio wa Kifaransa ukiwasha Caps Lock namba ndizo zinazotoka. Kwa hiyo huku Caps Lock bado ni Shift Lock ya huyo mama wa Tabora, inafunga hadi namba. Mimi nikiingiza alama za wanafunzi nawasha Caps Lock naandika namba mfululizo. Ukiniondolea nitalia.

Ila ubaya uko kwenye njia za mkato. Njia ya mkato inafuata herufi, haifuati mahali. Ctrl+Z kwenye AZERTY iko safu ya juu, pale ninyi mna W. Ctrl+A iko pale penye Q yenu. X, C na V zimebaki chini, Z imewahama wenzake. Nikikaa kwenye mashine ya mtu wa Kigoma nikataka kurudisha kosa, nabonyeza W na dirisha linafungwa.

#29 Maktaba Inayotembea
Asante Mwalimu. Katibu Muhtasi amepata shahidi kutoka nje ya nchi.

#30 Katibu Muhtasi
Nilisema mimi. 😌

#31 Binti Mkunazini
Hebu nami nisaidieni, maana mna ujuzi. Mie nimeletewa laptopu kutoka Uholanzi. Kila nikiandika ng'ombe inatoka ngómbe. Ng'aa inatoka ngáa. Nikibonyeza ile alama ya juu haitokei kitu, mpaka nibonyeze herufi ya pili ndo inaruka na kofia. Naandika hadithi za watoto, na hichi kitabu kina ng'ombe kila ukurasa.

#32 Maktaba Inayotembea
Binti, hiyo ni US-International, Waholanzi wengi ndiyo wanayoitumia. Humo alama ile inasubiri herufi inayofuata: ikija irabu inaivalisha. Ng'o ikawa ngó. Wakati una haraka, bonyeza alama, kisha kitufe cha nafasi, kisha endelea na herufi. Dawa ya kudumu: Settings, Time & language, Language & region, fungua chaguo za Kiingereza, ongeza mpangilio wa kawaida wa US kisha uondoe US-International. Ukiziacha zote mbili, Win+Space itakuwa inakubadilishia bila kujua.

#33 Dada Mhasibu
Na Alt ya kushoto pamoja na Shift pia inabadilisha, kama umeweka lugha zaidi ya moja. Wengi wanaosema kibodi imeingiwa na pepo wamebonyeza hiyo.

Wenye mashine za Uingereza nao wanajua: @ na alama za kunukuu zimebadilishana nafasi. Kibodi imechapwa Kiingereza cha Uingereza, aliyeweka Windows kachagua cha Marekani. Kompyuta haioni kilichochapwa juu ya kitufe. Inapokea namba tu, nyingine zote ni mipangilio uliyoichagua.

#34 Binti Mkunazini
Ng'ombe. Ng'ombe ng'ombe ng'ombe. Ahsanteni, Mungu awazidishie.

#35 Mzee wa Stesheni
Mrejesho wakuu. Nimetumia SharpKeys aliyoitaja Dada Mhasibu, nikazima, nikawasha, Caps imekuwa Ctrl. Nanakili kwa mkono wa kushoto, mausi iko kulia, mambo safi. Tatizo ni kijana wangu wa pale dukani. Yeye ndiye anayeandika hizo YAH:, na leo kila akishikilia Caps huku akiandika MAOMBI YA KAZI, M inasogeza aya, A inachagua barua nzima, O inafungua faili. Mteja akauliza kama mashine ina virusi.

#36 Mpita Njia
Mwambie aandike kawaida kwa herufi ndogo, achague mstari, abonyeze Shift+F3. Ndani ya Word inageuza: ndogo, kubwa, na ile ya kuanza kwa herufi kubwa, kila ukibonyeza inahama. Kama F3 inapunguza sauti badala yake, ashikilie na Fn.

#37 Fundi Chapuo
Ndiyo maana mimi nilisema PowerToys. Ile inafuata akaunti ya mtu. Mzee awe na akaunti yake yenye Caps ya Ctrl, kijana awe na yake yenye Caps ya kawaida. Rejistri inawakamata wote, hata mgeni.

#38 Nyundo Baridi
Halafu mteja akiwa amesimama unatoka akaunti hii unaingia ile? Kwa stesheni? Kibodi ya nje ya USB basi, ziko za bei ndogo tu, Ctrl zake zote mbili nzima.

#39 Fundi Chapuo
Scancode Map inashika hata hiyo ya USB mkuu. Haichagui kibodi. Hapo ndipo Tufaha Jekundu atarudi kututambia.

#40 Tufaha Jekundu
Sijasema kitu. 😁

#41 Kahawa Chungu
Naongezea kitu kilichonitesa. Nilibadilishana Caps na Ctrl kwenye rejistri. Baadaye nikawa nimesahau, nikabadilishana tena kwenye PowerToys. Matokeo: hakuna kilichobadilika! Nilifuta programu, nikaweka upya, wapi. Kumbe rejistri inageuza kwanza, PowerToys inapokea kilichogeuzwa inakirudisha kilipokuwa. Yaleyale yananipata nikiingia kwenye mashine ya ofisini kwa mbali: huku nimebadilishana, na kule nimebadilishana.

Kwa hiyo mkiwa mnahangaika, ulizeni kwanza ni ngazi gani imeshika. Kuna kibodi yenyewe, kuna rejistri, kuna programu kama PowerToys au AutoHotkey, kuna mpangilio wa lugha, halafu kuna Word au kivinjari chenye njia zake za mkato. Ya chini ikishageuza, ya juu haina habari.

#42 Nyundo Baridi
Hapo umeongea. Na Fn iko chini ya zote. Kwenye laptopu nyingi Fn haifiki hata kwa Windows, inaishia kwenye kidude cha kibodi chenyewe, ndiyo maana SharpKeys haiioni. Mtu mwenye ThinkPad ambaye Fn yake iko kona na Ctrl iko ndani, aende BIOS, mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka, kuna sehemu ya kubadilishana hizo mbili.

#43 Mpita Njia
Baadhi ya ThinkPad za kuanzia 2024 wamezirudisha kama za wengine, Ctrl kwenye kona.

#44 Mkono Mmoja
Nasoma kimya ila nichangie. Mkono wangu wa kushoto haufanyi kazi. Kwangu ubishi wa Ctrl ikae wapi hauna maana, kwa sababu kushika vitufe viwili kwa pamoja ndiyo shida. Natumia Sticky Keys: nabonyeza Ctrl naachia, nabonyeza C, imenakili. Ukigonga Shift mara tano mfululizo Windows inakuuliza kama unataka kuiwasha. Ninyi wengi mnaiona ikiruka mkicheza gemu na mnaitukana. Mimi ndiyo inayonilisha.

#45 Kijana wa Luthuli
Heshima, mkubwa. Niliizima kwa mashine zote za cyber yetu. Kesho naregesha.

#46 Pwaguzi
Kwa mkopo wa uzi huu, mwenye laptopu mpya yenye kitufe cha Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft, pale penye Ctrl ya kulia, afanyeje? Maana mleta uzi kaokolewa na Ctrl ya kulia, wa mashine mpya hana.

#47 Maktaba Inayotembea
Kitufe hicho Microsoft walikitangaza Januari 2024. Si kitufe cha kawaida, ukikibonyeza kinatuma Win+Shift+F23 kwa pamoja. Keyboard Manager ya PowerToys inakiona hivyo hivyo, unaweza kukielekeza kwingine. Lakini kukifanya Ctrl halisi ya kushikilia ni kazi, kwa kuwa kinakuja tayari na Win na Shift wake mkononi.

#48 kidole_kidogo
F23. Kuna mtu hata aliwahi kuona F13?

#49 Katibu Muhtasi
Na hicho cha Copilot nacho atakuja mtu aseme kiliwekwa kwa ajili ya makatibu muhtasi.

#50 Mgeni Namba Tatu
wa244 na60ba 0saada 3a*t6*4 yang4 5naand52a na0ba t4

#51 Pwaguzi
Huyu ameingia na nywila yake 😂😂😂

#52 Kijana wa Luthuli
Num Lock hio. Laptopu zisizo na namba pembeni huzificha ndani ya herufi: J, K, L ni 1, 2, 3, halafu U, I, O ni 4, 5, 6, na M ni sifuri. Shikilia Fn ubonyeze NumLk, ama ScrLk, tafuta penye imechorwa kwa rangi ya Fn. Ikikataa fungua On-Screen Keyboard ya Windows uzime Num Lock na mausi.

#53 Fundi Chapuo
Na usiende kwa fundi akakubadilishia kibodi kwa hilo.

#54 Mgeni Namba Tatu
Imekubali. Fundi alikuwa ameshaanza kufungua skrubu.